Siku saba kwenye karatasi ya daftari

Karatasi yenyewe ilichanwa katikati ya daftari la shule, matundu ya pini bado yanaonekana. Iliandikwa kwa kalamu nyekundu: wapangaji wote mhame ndani ya siku saba, nyumba imeuzwa. Jina la mwandishi halikuwepo. Ilikuwepo namba ya simu na sahihi iliyojikunja kama mnyoo. Niliikuta asubuhi imebandikwa kwenye mlango wa korido, nikiwa natoka kwenda kwenye fremu yangu ya ushonaji. Ilikuwa Juni 2022, Temeke, Dar es Salaam.

Bibi mwenye nyumba alikuwa amefariki katikati ya Mei. Matanga tulikaa pale pale uani, na waliopika na kuosha masufuria ni sisi wapangaji, kwa sababu watoto wake wengi walikuja siku ya mazishi na kuondoka siku ya pili. Nyumba ni ile ya kizamani: korido katikati, vyumba huku na huku, choo na bafu uani. Mimi nilikuwa na chumba na sebule, elfu themanini kwa mwezi. Mwezi Machi nilimlipa marehemu miezi sita kwa mkupuo, laki nne na themanini. Alizihesabu mara mbili, akazifunga kwenye pindo la kanga, akanisainia mkataba wa kununua stationery, ule wa ukurasa mmoja wenye nafasi za kujaza. Dalali naye alishachukua elfu themanini yake. Kwa hiyo karatasi ya daftari iliponikuta, kodi yangu ilikuwa imelipwa mpaka mwisho wa Agosti.

Hilo nililijua, ila sikujua lina uzito gani. Nilichofanya ni kupiga ile namba. Akapokea kijana wa marehemu, yule wa tatu, ambaye enzi za uhai wa mama yake tulikuwa tunamwona akija kuomba nauli. Nikamwambia, "Samahani kaka, tunaomba utuongezee hata wiki mbili." Akasema atafikiria. Leo nikikumbuka ile "samahani" najiona mjinga. Nilikuwa na miezi mitatu yangu mkononi, niliyoilipia, halafu naomba wiki mbili kwa mtu ambaye sijui hata kama ana mamlaka ya kunipa.

Wapangaji wa chumba cha pili, kijana na mkewe mwenye mtoto mchanga, hawakupiga simu wala kuuliza. Siku ya tatu walipakia vitu wakaenda kwa ndugu Gongo la Mboto. Walikuwa wamelipa miezi mitatu na hata mwezi mmoja haujaisha. Niliwauliza vipi kuhusu hela yao, yule kijana akajibu, "Dada, mwenye nyumba akikwambia toka, unabaki kufanya nini?" Nadhani watu wengi mjini humu wanaamini hivyo, na mimi nilikuwa mmojawapo.

Aliyekuwa na mawazo tofauti ni mzee wa chumba cha mbele. Huyu alikuwa fundi viatu, ameishi pale miaka ishirini na miwili, analipa mwezi kwa mwezi. Hana mkataba, hana risiti hata moja. Marehemu alikuwa akipita kila tarehe tano, mzee anampa hela mkononi, wanasalimiana, basi. Nilipomwamkia siku ile alinijibu marahaba huku akiendelea kupiga misumari kwenye soli.

"Mwanangu, zamani hili lisingefika hapa," akasema. "Kulikuwa na Baraza la Nyumba. Mwenye nyumba akitaka kukutoa, aende kwanza akaeleze sababu kule."

Alikuwa sahihi. Sheria ya kudhibiti pango ya mwaka 1984 ilikuwa na mabaraza yake ya nyumba, na mwenye nyumba hakuweza kumwondoa mpangaji kwa kujisikia tu, wala kupandisha kodi atakavyo. Sheria ile ilifutwa mwaka 2005. Waliotetea kufutwa kwake walisema inawakatisha tamaa wanaotaka kujenga nyumba za kupangisha, na pengine kuna ukweli fulani humo. Ila kwa mpangaji wa uswahilini, tangu hapo kinga yake kubwa ikawa mkataba wake. Na mkataba wenyewe ndio ule wa stationery.

Siku ya nane alikuja kijana wa marehemu na vijana wawili wenye nyundo na tindo. Hawakugusa vyumba vyetu. Waling'oa mlango wa choo. Wakauegemeza ukutani, kisha wakaubeba wakaondoka nao, na yule kijana akatuambia kesho zamu ya bati. Usinicheke: kuishi kwenye nyumba isiyo na mlango wa choo, wanawake wanne na watoto saba, ni kufukuzwa kwenyewe. Usiku tulikuwa tunakwenda wawili wawili, mmoja ameshika kanga mlangoni. Mtu anayetaka kukutoa kwenye nyumba hana haja ya kukutupia vyombo nje. Anafunga koki ya maji, anakata waya unaotoka kwenye LUKU, yaani mita ya umeme, anang'oa mlango, unaondoka kwa miguu yako mwenyewe na baadaye anasema ulihama kwa hiari.

Nikaenda kituoni. Askari wa zamu alinisikiliza nusu nusu, akasema hayo ni mambo ya madai, nenda mkaelewane. Nikarudi nimekata tamaa. Baadaye ndipo nilipojua kwamba nilikosea namna ya kueleza. Nilisema, "Mwenye nyumba anatutoa." Hilo kweli ni la madai. Ningesema, "Kuna mtu ameng'oa mlango wa nyumba tunayoishi, ameuchukua, na ametishia kuezua paa kesho tukiwa ndani," lingekuwa na sura nyingine, maana kuharibu mali na kutishia watu ni jinai, awe ametenda mtoto wa marehemu au jirani. Tulirudi kesho yake tukiwa watatu, tukaeleza hivyo, tukapewa RB, yaani namba ya taarifa iliyoandikishwa polisi. Ile namba ya RB, kikaratasi kidogo tu, ndiyo iliyoyaokoa mabati. Kijana alipokuja na ngazi, mzee alimwonyesha akiwa ameketi pale pale kwenye kigoda chake. Ngazi ikarudi.

Lakini mlango hatukurudishiwa. Tukachangishana, mzee akaongezea sehemu kubwa, tukanunua wa mbao za mitumba kwa seremala wa jirani. Mzee akadai risiti. Tukamshangaa: miaka ishirini na miwili hajawahi kudai risiti ya kodi, leo anadai ya mlango wa choo.

Mteja wangu mmoja wa kushona sare ndiye aliyenielekeza kwa msaidizi wa kisheria. Sikujua kama watu hawa wapo. Kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inayowatambua. Si mawakili, lakini wamefundishwa, na wanasikiliza bure. Niliyemkuta alikuwa mama wa makamo, ofisi yake meza moja na feni inayolia. Sikumaliza hata hadithi ya mlango. Akanikatiza na maswali mawili.

"Anayewatoa ni nani?"

Nikasema mtoto wa marehemu.

"Sikuulizi mtoto wa nani. Ni nani kisheria? Ana barua ya mahakama ya usimamizi wa mirathi?"

Sikujua.

"Na kodi yako imelipwa mpaka lini?"

Agosti.

Akaegemea kiti. Alichonieleza baada ya hapo ndicho ninachotaka watu wakijue, kwa sababu nilikwenda pale nikidhani nitaambiwa ama nina haki ya kubaki ama sina. Alisema, "Nyumba si yako na haitakuwa yako. Wakitaka kuiuza watauza. Unachomiliki wewe ni muda. Uliununua Machi, na aliyekuuzia akifa, muda ule haufi naye." Mkataba wa pango unaendelea dhidi ya mirathi yake. Warithi wanaipokea nyumba ikiwa na wapangaji ndani, kama wanavyoipokea ikiwa na nyufa. Na kabla mahakama haijateua msimamizi, hakuna mtoto hata mmoja mwenye mamlaka ya kuuza, awe wa kwanza au wa mwisho. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamtaka mwenye nyumba amwache mpangaji akae kwa amani bila kusumbuliwa kwa kipindi chote cha pango, hata kama mkataba wa stationery haukuandika neno hilo. Mlango wa choo uliingia hapo.

Nikamuuliza habari za mzee, asiye na karatasi. Nilidhani yeye ndiye amekwisha. Kumbe la hasha. Anayelipa mwezi kwa mwezi naye ni mpangaji, na notisi yake haipaswi kuwa fupi kuliko kile kipindi anacholipia, na iishie siku ya kulipa kodi. Analipa kila tarehe tano, basi siku saba za kalamu nyekundu hazimhusu. Anastahili mwezi mzima wa notisi, unaoishia tarehe tano. Tatizo lake lilikuwa ushahidi tu. Msaidizi akasema mashahidi wapo: majirani, mjumbe, na sisi wenyewe tuliomwona akilipa. Mzee nilipomletea habari hizi alitikisa kichwa, akasema mwezi mmoja kwa miaka ishirini na miwili si zawadi. Sikuwa na la kumjibu, na mpaka leo sina.

Tukaandika barua, si kali. Ilisema sisi ni wapangaji, kodi zetu zimelipwa mpaka tarehe hizi, tunaomba nakala ya barua ya usimamizi wa mirathi, na tunaomba mawasiliano yote yawe kwa maandishi. Nakala kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, akagonga muhuri wa kupokea kwenye kopi yetu. Msaidizi alinisisitizia kopi yenye muhuri kuliko barua yenyewe. Alisema barua isiyo na ushahidi kwamba imepokelewa ni kama maombi ya kimoyomoyo.

Kijana hakujibu. Tukapeleka shauri baraza la kata. Nieleze kidogo hapa, kwa sababu wengi bado wana picha ya zamani. Kwa sheria ya mahakama za migogoro ya ardhi ya mwaka 2002, mabaraza ya kata yalikuwa yanasikiliza na kuamua. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 hayaamui tena. Kazi yake ni kusuluhisha. Yanapewa siku thelathini. Yakishindwa, yanakupa cheti kwamba usuluhishi umeshindikana, na cheti hicho ndicho kinachokufungulia mlango wa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambako ndiko kuna amri na mazuio. Wapo wanaosema kwa hiyo kata ni kupoteza muda. Mimi nasema kwa mpangaji mwenye haki ya muda, kupoteza muda kihalali si hasara. Kila wiki iliyopita kule ilikuwa wiki niliyolala kwangu.

Walikaa wajumbe watatu, mmoja mwanamke. Kijana alikuja kwa kuchelewa, akaja na mtu aliyemtambulisha kama mnunuzi. Mjumbe mwanamke akamuuliza swali lile lile la msaidizi: una barua ya usimamizi? Akasema familia imekaa imekubaliana. Muhtasari wa kikao cha familia uko wapi? Uko nyumbani. Nani mkubwa wenu? Dada, yuko Morogoro. Anajua unauza? Akanyamaza. Mnunuzi naye akamgeukia, maana kumbe alikwisha kutoa advansi.

Hapo ndipo shauri lilipogeuka kabisa, na halikugeuzwa na ufasaha wangu. Liligeuzwa na swali la karatasi. Baraza likaahirisha ili dada mkubwa aitwe. Alikuja wiki iliyofuata, mwalimu mstaafu, amevaa baibui na miwani ya kusomea imening'inia kifuani. Alikuwa hajui habari za mnunuzi wala za mlango. Alikuwa ndiyo kwanza amefungua maombi ya mirathi Mahakama ya Mwanzo, na tangazo la siku za watu kupinga lilikuwa bado liko ubaoni. Aliomba radhi mbele ya baraza, akatuomba na sisi tusimfungulie mdogo wake kesi. Tulikubali. Wapo wapangaji wenzangu wawili ambao hawakupenda, na ninawaelewa. Mimi niliona kesi ya jinai itanila siku za kushona, na mlango tulishanunua.

Makubaliano yaliandikwa pale pale. Hakuna atakayetolewa kabla kodi yake haijaisha. Mzee apewe notisi ya maandishi baada ya msimamizi kuteuliwa, si chini ya mwezi. Yeyote atakayekubali kuondoka mapema arudishiwe kodi ya miezi iliyobaki na apewe hela ya usafiri. Tukasaini wote, kila mmoja na kopi yake.

Na hapo niliona faida nyingine ya kumiliki muda. Mnunuzi alikuwa bado anaitaka nyumba, safari hii kwa njia halali, na mnunuzi mwenye haraka huwa na bei. Katikati ya Julai dada mkubwa, barua ya mahakama mkononi, alinipigia mwenyewe. Akaniuliza nikihama mwishoni mwa mwezi nitataka nini. Nikamwambia Agosti yangu, elfu themanini, na elfu hamsini ya kirikuu, kile kigari cha kubebea mizigo. Nikaongeza na ile ya dalali, elfu themanini nyingine, kwa sababu nitalazimika kumlipa dalali upya kabla ya wakati wake. Alicheka kidogo, akasema dalali si wake. Nikamwambia ni kweli, lakini na haraka si yangu. Tukakutana kati: laki moja na sabini kwa jumla, zikaja kwa simu, jina lake likasomeka kwenye ujumbe. Nimeuhifadhi mpaka leo.

Sikushinda nyumba. Najua wapo watakaosoma hapa wakisema, sasa ulipigania nini ikiwa mwishowe ulihama? Nilihama mwishoni mwa Julai badala ya katikati ya Juni, nikiwa na hela ya kuanzia badala ya kukopa, mtoto akiwa amemaliza mitihani ya muhula, na mashine yangu ya kushona haijalala nje hata usiku mmoja. Wale wa chumba cha pili nilijaribu kuwatafuta wadai yao chini ya makubaliano yale. Walipopatikana walisema hawataki tena usumbufu. Laki na kitu ikapotea hivyo hivyo, bila mtu kuwanyang'anya.

Nyumba ninayoishi sasa, Mbagala, niliingia nikiwa msumbufu kidogo. Nilimuuliza mwenye nyumba kama nyumba ni yake au ya familia, akakunja uso, baadaye akanionyesha hati yake ya mauziano. Mkataba tuliuandika upya, tukaongeza sentensi mbili: notisi ya miezi miwili kwa pande zote, na kodi iliyobaki irudishwe akinitoa kabla. Dalali alisema watu wa namna yangu ndio wanaokosa nyumba. Huenda. Lakini mwenye nyumba alisaini, na kopi moja iko ofisi ya mtaa. Kodi nalipa kwa simu tu. Makarani wa sensa walipopita Agosti ile walinikuta bado nina mabegi hayajafunguliwa, na swali lao la umekaa hapa kwa muda gani nililijibu kwa wiki, si kwa miaka.

Mzee alimalizia mwezi wake, akaondoka tarehe tano Septemba kwenda kwa binti yake Kibiti. Nilikwenda kumsaidia kufunga vitu. Havikuwa vingi: kitanda, kigoda, boksi la zana, redio. Kirikuu ilikuwa imeshawashwa aliposema ngoja kwanza, akaingia uani na bisibisi. Tulisikia anafungua bawaba. Kijana wa marehemu, aliyekuwa amekuja kupokea funguo, akapaza sauti, "Babu, huo mlango ni wa nyumba!"

Mzee hakugeuka. Aliingiza mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa kikaratasi kilichokunjwa mara nne, akampa.